Mhuri uliokwanguliwa kwenye kitabu cha Rambam

Yambo Mwalimu,

Ninakuandikia kutoka Brussels, lakini kwetu ni Lubumbashi. Nkambo wangu mzaa mama alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes. Alifika Katanga akiwa kijana, mji ukiitwa bado Elisabethville, akafungua duka la vitambaa, akazaa na nkambo wangu mwanamke ambaye ni mtu wa hukohuko. Kwenye sinagogi hakumpeleka, lakini watoto aliwatunza. Alipofariki, duka lilichukuliwa na ndugu wengine na mama yangu akapewa sanduku la bati lenye vitabu vinne vya Kiebrania. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kuvisoma. Mama alivifunga kwenye kitenge, akavibeba hadi Ulaya, akavilaza juu ya kabati miaka yote.

Miaka mitano iliyopita nilianza kujifunza herufi za Kiebrania, nikitaka kujua majina ya vile vitabu tu. Siku niliyoweza kusoma neno "Shulhan", mwanzo wa jina la kitabu cha sheria, kwenye kimoja, nililia peke yangu jikoni. Tangu hapo nimeshindwa kuacha. Nimenunua vingine kumi na kimoja, vyote vya sheria ya Kiyahudi kwa kuwa vya nkambo ni vya sheria. Baadhi nilivipata kwenye soko la vitu vya zamani kwa bei ya chakula cha mchana, baadhi kwenye minada.

Mwezi wa tatu nilinunua kikubwa kuliko vyote: nusu ya pili ya Mishneh Torah, mkusanyiko wa sheria wa Rambam, yaani Rabi Musa bin Maimun wa karne ya 12, chapa ya Venice, 1550. Muuzaji alitaka euro 4,200. Nililipa mara tatu kutoka akiba ya familia, na mume wangu sikumwambia. Kilipofika niliketi nacho usiku kucha. Asubuhi, mwanga wa dirisha ulipopiga ukurasa wenye picha ya jengo la kuba, niliona chini yake mahali palipokwanguliwa, umbo la yai, karatasi imekuwa nyembamba hata mwanga unapita. Kwenye ukurasa wa mwisho imebaki namba ndogo ya wino wa buluu, na mgongoni kuna doa la gundi la lebo iliyobanduliwa. Nilimpigia muuzaji simu. Akasema: "Vitabu vya zamani ndivyo vilivyo, mama. Usijisumbue."

Nimejisumbua. Ndugu za nkambo waliobaki Rhodes walichukuliwa na Wajerumani mwezi wa saba 1944, na hakuna aliyerudi. Najiuliza kitabu hiki kilitoka mikononi mwa nani. Kaka yangu anasema niuze haraka, tena kwenye mnada wa mbali, kabla mtu hajauliza. Mume wangu akijua ni pesa ngapi, sijui itakuwaje. Na liko lingine linaloniuma: kwa sheria yao mimi si Myahudi, maana Uyahudi hupitia kwa mama. Nina haki gani ya kukusanya vitabu hivi?

Nimekutumia picha za Rambam, za kitabu cha Amsterdam ninachokipenda sana, na za kimoja cha nkambo kilichochapwa Salonica, mji wa Ugiriki. Hicho cha nkambo kimejaa michirizi ya wino kurasa za mwanzo, na herufi za mwaka (kila herufi ya Kiebrania ni namba pia) zinanipa 516, jambo lisilowezekana. Rafiki yangu anasema michirizi hiyo, pamoja na mistari myeusi ya kwenye Rambam, inaweza kutolewa kwa dawa. Nisaidie.

Mjukuu wa Rhodes na Katanga, Brussels

JIBU

Mwanangu, yambo sana.

Picha zako nilizitazama jana tangu adhuhuri hadi taa zikawashwa. Kabla ya lolote nakuomba: dawa isiguse karatasi hizo. Dawa ya wino, gundi, tepu ya kunata, vyote viweke mbali. Sababu utaiona.

Nianze na Rambam, kwa kuwa muuzaji alichukua pesa yako bila kukuambia umenunua nini. Jengo lile la kuba ni alama ya Marco Antonio Giustiniani, mpiga chapa Mkristo wa Venice. Alikusudia kuonyesha Hekalu la Yerusalemu, ila mchoro aliotumia ni wa Kuba la Mwamba, lilelile ambalo Waislamu wanalijua na ambalo limesimama mpaka leo. Wakati ule Venice ilitoa Rambam mbili kwa mpigo. Ya kwanza iliandaliwa na Rabi Meir Katzenellenbogen wa Padua, akaitia maelezo yake, akaichapisha kwa Alvise Bragadin, ambaye alama yake ni mataji matatu. Giustiniani akajibu kwa kutoa ya kwake, akaiuza kwa bei ya chini ili amvunje mwenzake. Rabi Meir akapeleka shauri Kraków kwa Rabi Moses Isserles, naye akahukumu kwamba Wayahudi wa nchi yake wasiinunue ya Giustiniani mpaka ya Rabi Meir iishe, na atakayekaidi atengwe na jamii. Umeshika, basi, kitabu cha sheria ambacho hakimu wa sheria hiyohiyo alikataza kisinunuliwe. Ningekuwa karibu ningepanda treni nije nikione.

Ugomvi ule haukuishia hapo. Ulifika Roma, vitabu vya Kiebrania vikashtakiwa mbele ya Kanisa, na tarehe 9 Septemba 1553, siku ya mwaka mpya wa Kiyahudi, nakala za Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya sheria ya Kiyahudi, zilichomwa moto kwenye uwanja wa Campo de' Fiori. Mwezi uliofuata Venice nayo ikachoma za kwake. Ndiyo maana ile Talmudi kamili ya kwanza, aliyoichapa Daniel Bomberg hapohapo Venice kati ya 1520 na 1523, imekuwa adimu kiasi kwamba seti moja iliuzwa New York mwezi Desemba 2015 kwa dola milioni 9.3. Rambam ilinusurika moto lakini haikumkwepa mkaguzi. Mistari myeusi ambayo rafiki yako anataka kuitoa ni kalamu yake, akifuta maneno ambayo Kanisa halikuyapenda. Na lile jina la Kiitaliano chini ya ukurasa wa mwisho, ambalo wewe hukulitaja, nalisoma Domenico Gerosolimitano. Alizaliwa Myahudi, akabatizwa, akapewa kazi ya kupitia vitabu vya Kiebrania, na saini yake imo kwenye maelfu ya vitabu. Inatuambia kwamba karibu na mwisho wa karne ya 16 kitabu chako kilikuwa bado Italia. Ukikisafisha, umefuta hatua ya kwanza ya safari yake tunayoweza kuithibitisha.

Mkaguzi alifuta maneno akaweka jina lake. Aliyekwangua mhuri wako hakuweka jina, na hapo ndipo shida yako ilipo.

Mhuri wa maktaba peke yake haunitishi. Maktaba huuza nakala zilizozidi, zikagonga mhuri mwingine wa kuonyesha kitabu kimetoka kwa halali. Baada ya vita Wamarekani walikusanya vitabu vilivyoporwa na Wanazi kwenye ghala moja mjini Offenbach, Ujerumani, zaidi ya milioni tatu vikapita pale. Wafanyakazi wengi hawakujua hata herufi moja ya Kiebrania. Mkuu wa ghala, Kapteni Isaac Bencowitz, akabuni njia: kila mmoja apewe mihuri michache aikariri kwa umbo tu, na kila kitabu chenye umbo hilo akiweke kwenye sanduku lake. Vitabu vikarudi kwao hivyo, kwa macho ya watu wasioweza kuvisoma. Vile ambavyo wenyewe hawakubaki, karibu nusu milioni, viligawiwa kwa maktaba za Israeli, Marekani na kwingine kupitia shirika la Jewish Cultural Reconstruction, ambalo mwanafalsafa Hannah Arendt alilitumikia kama katibu mtendaji. Vilibandikwa lebo yake. Ukikutana na mhuri wa maktaba iliyokufa pamoja na lebo hiyo, unajua kitabu kilipita mlango gani.

Mhuri uliokwanguliwa unasema jambo jingine. Mtu alijua mhuri ulisema nini, akataka wewe usiusome. Hata hivyo usikimbilie moja kwa moja 1944. Najua kwa nini moyo wako unakwenda huko, lakini huenda ni mwizi wa maktaba wa miaka ishirini iliyopita, au dalali aliyeogopa maswali bila hata kujua jibu. Kwa upande mwingine, upo uporaji ambao haujafungwa: mwezi Oktoba 1943 Wajerumani walianza kupakia kwenye treni vitabu vya Wayahudi wa Roma, na maktaba ya jumuiya yao, karibu yote, haijaonekana tena. Salonica, kikosi cha Rosenberg, kile cha Wanazi cha kupora vitabu, kilipita mapema zaidi, 1941, kikichagua maktaba za kuhamisha. Kitabu cha Venice chenye saini ya mkaguzi wa Italia na mhuri uliotolewa kwa wembe lazima kiulizwe, na anayepaswa kukiuliza ni anayekishika leo.

Uulize hivi. Kiweke kitabu mezani gizani, tochi ailaze mtu karibu sawa na karatasi, upige picha kutoka pande nne. Ukwanguaji huondoa wino wa juu, lakini muhuri uliogongwa kwa nguvu huacha bonde, na bonde hutoa kivuli. Kisha tumia tochi ya mwanga wa urujuani, ile wanayokagulia noti bandia, maana wino uliozama hung'aa au huwa mweusi chini yake. Piga picha na upande wa nyuma wa ukurasa, kwa kuwa mafuta ya wino hupenya, na aliyekwangua mbele mara nyingi husahau nyuma. Pima urefu na upana wa lile umbo la yai kwa milimita. Ile namba ya buluu inakili kama ilivyo, na nukta zake na mistari yake: ni namba ya rafu, na kila maktaba ilikuwa na mtindo wake wa kuandika. Usisahau doa la gundi mgongoni, vipimo vyake pia.

Ukishakuwa nazo, linganisha na picha za mihuri zilizopigwa pale Offenbach, ambazo zinatazamika kwenye intaneti. Maktaba kadhaa za Ujerumani zina hifadhidata ya pamoja iitwayo Looted Cultural Assets. Chuo Kikuu cha Columbia kina mradi wa Footprints, unaofuata nakala za vitabu vya Kiebrania kutoka mmiliki hadi mmiliki, na saini ya Gerosolimitano utaikuta huko mara nyingi. Maktaba ya Taifa ya Israeli nayo ina watu wanaoijua kazi hii. Waandikie ukijitambulisha kama mwenye kitabu, utume picha zote, usifiche kitu. Hawa ni watu ambao barua ya namna hiyo huwafurahisha wiki nzima.

Kuhusu kaka yako, sina haja ya kumjibu kwa maneno yangu. Umenunua nusu ya pili ya Mishneh Torah, na humo kimo Kitabu cha Madhara, Nezikin. Tafuta sheria za wizi, sura ya 5. Rambam anaanza kwa kusema ni haramu kununua kitu cha wizi kutoka kwa mwizi, na kwamba ni dhambi kubwa, kwa kuwa mnunuzi humtia nguvu mkosaji: mwizi asipopata wa kumuuzia, haibi. Halafu anaeleza kanuni ambayo wahenga waliiweka kwa ajili ya soko: mtu aliyenunua hadharani bila kujua hatupwi. Mwenye mali hurudishiwa kitu chake, humlipa mnunuzi alichotoa, na yeye ndiye anayekwenda kumdai mwizi. Rambam hakuitunga hiyo. Iko kwenye Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za marabi, Bava Kamma sura ya 10, na maneno yanayoifungua yanazungumzia mtu anayetambua vyombo vyake na vitabu vyake mikononi mwa mwingine. Vitabu vimetajwa kwa jina, mwanangu, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mashine ya chapa. Ukikipeleka kwenye mnada wa mbali ukijua unachojua, hutakuwa tena yule mnunuzi wa sokoni anayelindwa.

Hapa nitasema jambo ambalo wakusanyaji wengi watalipinga: usimrudishie muuzaji kitabu bado. Mwandikie kwanza, kwa barua, si kwa simu. Mweleze ulichokiona, muulize alikipata wapi, mwaka gani, na aliyemuuzia ana karatasi gani. Mwambie kwamba unauliza maktaba na kwamba utadai pesa yako iwapo itaonekana hakuwa na haki ya kuuza. Ukimrudishia leo kimyakimya atakupa euro zako, na mwezi ujao kitabu kitakuwa kwa mtu mwingine, mahali penye mkwaruzo pamepakwa rangi ya chai. Mapatano ya pesa yaje baada ya picha kufika maktaba. Na kwa kuwa uko Ubelgiji, zungumza na mwanasheria kabla ya kutia saini karatasi yoyote.

Sisi wa pwani jambo hili tumelelewa nalo. Msahafu ulioandikwa "wakfu" ukurasa wa kwanza hauuzwi hata karatasi zikiisha kwa nondo, na kitoto cha madrasa kinajua. Wayahudi wana neno lao, hekdesh, na utalikuta limeandikwa kwa mkono kwenye vitabu vya masinagogi yao. Ukiliona kwenye kitabu kinachouzwa, weka pochi chini kwanza uulize.

Nije kwenye haki yako, ambayo naona ndiyo iliyokukosesha usingizi kuliko mhuri. Bomberg alikuwa Mkristo, mtu wa Antwerp, mwendo mfupi kutoka hapo unapokaa. Giustiniani na Bragadin pia walikuwa Wakristo, kwa kuwa Venice haikuwaruhusu Wayahudi kumiliki viwanda vya chapa. Waliosahihisha herufi wengi wao walikuwa Wayahudi wasomi, na baadhi yao walibatizwa, kama alivyobatizwa mkaguzi Gerosolimitano. Vitabu hivi vimepita mikono ya kila namna tangu siku vilipokauka wino. Wewe ulijifunza alifu na bei zake ukiwa mtu mzima, kwa ajili ya sanduku la bati. Sijui haki ya kumiliki inatokana na nini zaidi ya hapo. Adabu yake tu ishike: visiwekwe sakafuni, visilazwe kifudifudi, kisicho kitakatifu kisipangwe juu yake. Karatasi iliyokatika yenye jina la Mungu haiendi kwenye takataka. Huwekwa geniza, mahali pa kutunzia maandishi matakatifu yaliyochakaa, mpaka izikwe. Uliza sinagogi lolote hapo Brussels, watakupokelea. Huko ndiko vitabu vingi vya sheria vilikoishia, na ndiyo sababu kubwa ya uadimu wao. Kitabu cha kupamba sebule hudumu. Kitabu ambacho mtu hukifungua kila asubuhi kuuliza kama kuku huyu analiwa, kama mkataba huu unafunga, hudondokewa nta, hupoteza kurasa za mwanzo na za mwisho, hufungwa upya mara tatu, kisha huzikwa.

Kile cha Amsterdam, samahani. Sogeza picha karibu. Neno AMSTERDAM limekaa katikati kwa herufi nene, lakini juu yake kuna neno dogo, be-otiyot, "kwa herufi za". Chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, pameandikwa Fürth, mji wa Ujerumani. Herufi za Amsterdam zilisifika kwa uzuri katika karne ya 17 na 18, na wapiga chapa wa miji mingine walijifunza kuandika mji huo kwa ukubwa na mji wao kwa haya. Muuzaji wako huenda naye alisoma herufi kubwa tu. Endelea kukipenda. Ila kuanzia sasa anza kusoma ukurasa wa jina kutoka chini kwenda juu.

Na hesabu ya mwaka hujakosea, umeishia njiani. Wapiga chapa wa Kiebrania huacha elfu tano bila kuitaja. Chukua jumla ya herufi, ongeza 1240. Kitabu cha nkambo, 516, ni 1756. Rambam yako ni 310, shin na yod, nayo ni 1550. Mwaka wao huanza kwenye Septemba au Oktoba, kwa hiyo kitabu kilichokamilika miezi ya kwanza ya mwaka wao ni cha mwaka uliotangulia kwa hesabu yetu. Wakati mwingine mwaka hufichwa ndani ya aya ya Biblia, herufi za kuhesabiwa zikiwa kubwa au zimewekewa alama juu. Ukipata neno lenye herufi kubwa katikati pasipo sababu, hesabu.

Mume wako mwambie leo. Sitakuzungusha: hukukosea kununua, umekosea kuficha, na kila siku inayopita inageuza kitabu kuwa shahidi dhidi yako ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mkalishe mezani, mwoneshe kuba, mwoneshe mkwaruzo, mwambie na kiasi. Wekeni pamoja kiwango cha mwaka usichokivuka. Pesa ikiwa ndogo, punguza eneo: acha Venice, acha kabisa vile vya kabla ya 1501, ambavyo matoleo yake yanayojulikana duniani ni kama 140 tu na nakala nyingi ziko maktaba kubwa. Kusanya vya huko alikotoka nkambo. Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492 walishuka Istanbul na ujuzi wao wa kuchapa, na mwaka uliofuata ndugu wawili wa ukoo wa Ibn Nahmias wakamaliza Arba'ah Turim, kitabu cha sheria, cha kwanza kuchapwa kwa lugha yoyote katika dola ya Waosmani. Kutoka hapo kazi ya chapa ilifika Salonica, ikafika Izmir, kwa karne nne. Chapa za karne ya 18 na 19 za miji hiyo zina karatasi duni na pambizo zilizokatwa, wakubwa wa minada hawazigombei, na ndani yake kuna majibu ya marabi kuhusu wafanyabiashara wa visiwani kama babu zako.

Nimekiacha cha nkambo mwisho kwa makusudi. Kile unachokiita michirizi ni solitreo, mwandiko wa haraka ambao Wayahudi wa Hispania waliubeba kwenda nchi za Waosmani. Waliutumia kuandikia Ladino, lugha yao ya nyumbani. Kwa macho ya mtu aliyejifunza herufi za chapa unaonekana kama uzi uliotatizika. Kuna mikono mitatu tofauti pale, na wino wa aina mbili, kwa hiyo ni watu wa vizazi kadhaa wakiandika kwenye kitabu kimoja, pengine vizazi na vifo, kama familia nyingi zilivyofanya. Wanaosoma solitreo wamebaki wachache na wengi wao ni wazee. Hapo Brussels wapo watu wa Rhodes waliopitia Kongo. Waulize kwanza wao, mwaka huu, usingoje.

Nipigie upya picha ya ukurasa ule wa pili, kitabu kikiwa kimefunguliwa nusu tu ili mgongo usivunjike, karibu na dirisha, bila taa ya simu. Mimi solitreo naisoma kwa kukwama. Lakini mwisho wa mstari wa tatu, chini ya mwandiko wa zamani kuliko yote, kuna neno moja lenye herufi chache ambalo nimelirudia mara nyingi na sina shaka nalo. Limeandikwa Rodes.